Siku Yudith Alipotakiwa Kunitaja

Mimi nikiogopa, nagomba. Waulize watu wa Mgwashi. Mvua ya mawe ikianza kugonga bati, nawagombeza kuku. Mwanangu Kristian alipolazwa, nilimgombeza daktari mpaka akanivutia kiti akaniambia, "Mama, kaa kwanza, ndipo uendelee." Kwa hiyo nikikusimulia habari hii ukasikia sauti yangu inapanda, usidhani nina ugomvi na wewe. Ni ule woga tu, bado umenikaa tumboni.

Habari yenyewe ni ya mkwe wangu Yudith, mke wa huyo Kristian.

Yudith ni mtoto wa Mponde, wa wakulima wa chai, na mikono yake inaonyesha hivyo mpaka leo: akishika kitu anakishika kwa ncha za vidole, kama anachuma. Alisoma Tanga mjini, akapata kazi Dar es Salaam, na huko ndiko alikokutana na mwanangu. Si mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza jambo anang'ata kwanza pindo la kanga yake, anafikiri weee, ndipo akujibu. Mwanzoni nilikuwa nakereka. Nikasema, jamani, huyu Kristian ametuletea bubu? Lakini mwanangu alipougua figo, huyo bubu ndiye aliyemgeuza kitandani, ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, ndiye aliyemkata kucha. Mimi nilikuwa nikipiga kelele tu barazani.

Tulimzika Kristian chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba. Nilijua Yudith atakaa mpaka matanga yaishe, kisha atarudi zake Dar na mjukuu wangu Aron. Ndivyo wanavyofanya wengi, na huwezi kuwalaumu. Lakini matanga yakaisha, tukapanda viazi, tukavivuna, na Yudith yupo. Aliongea na wakubwa wake wa kampuni ya bima, wakamruhusu afanyie kazi nyumbani. Asubuhi anapalilia na kumwandaa mtoto, kisha anakaa mezani kusoma mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta, anaangalia kama dawa waliyopewa inalingana na ugonjwa wao. Mara nyingine anaguna. Nikimuuliza, anasema ni siri ya mgonjwa. Nami nakasirika, maana kuna raha gani ya kuguna kama husemi?

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Kristian. Haina ile Windows ya maofisini. Ina kitu kinaitwa Linux, mwanangu aliiweka mwenyewe na alijisifu nayo kama mtu aliyenunua ng'ombe wa kisasa. Yudith akitaka kuiamuru jambo kubwa anafungua ukurasa mweusi, anaandika maneno, na kila mstari wa ukurasa ule unaanza kwa jina la mwanangu. Siku ya kwanza nilipoliona nilishtuka.

"Jina la Kristian linafanya nini humo?"

"Ndiyo kompyuta yake, Mama. Inamjua yeye tu."

"Basi na iendelee kumjua," nikasema, nikaenda kumgombeza mbuzi.

Sasa nikueleze jambo letu moja, la sivyo hutaelewa kilichotutetemesha. Katika ukoo wetu mkwe hamtaji mama mkwe wake jina. Hamtaji, basi, hakuna cha lakini. Mimi mwenyewe mama mkwe wangu aliitwa Munyu, na munyu kwa Kishambaa ni chumvi. Miaka yote niliyopika katika nyumba yake sikuthubutu kuomba chumvi kwa Kishambaa. Niliomba "ile nyeupe". Siku moja shemeji yangu, kwa utundu wake, akanipa unga. Tukala mboga haina ladha, wote kimya, na mama mkwe alijua kila kitu.

Yudith naye ndivyo alivyo, tena amenizidi. Kwake mimi ni Mama. Akinizungumzia kwa watu, ni "Mama wa nyumbani". Siku ya mazishi mwinjilisti alimpa karatasi asome majina ya familia, alipofika kwenye jina langu akakohoa, akampasia aliyekaa pembeni. Watu walimheshimu sana kwa kikohozi kile.

Mkwe akimtaja mama mkwe kwa mdomo wake, ameuvunja ukwe. Hafukuzwi, lakini hahesabiwi tena. Ipo njia moja tu ya kulitamka jina bila kuvunja kitu: mama mkwe avue kanga aliyojifunga, amvike mkwewe mabegani. Hapo kinywa kimefunguliwa. Ila kanga hiyo si ya kuchezea. Kwetu hupewa mjane anayeachiliwa. Maana yake: umetutunzia mtoto wetu, sasa nenda, olewa kwingine, hatuna neno na wewe. Akiondoka nayo, amekwenda. Akiirudisha kwa mikono yake, amekataa kwenda. Mimi kwa macho yangu nimeziona zikiondoka. Za kurudi niliwasikia tu wazee wakisimulia.

Basi, wiki ile ofisi ya Yudith ikatuma ujumbe. Njia ya zamani ya kuingilia kwenye mitambo yao inafungwa, kwa sababu siku hizi kuna wezi wa siri za wagonjwa. Kila anayefanyia kazi nyumbani aweke njia mpya kwenye kompyuta yake kabla ofisi haijafungwa Ijumaa. Atakayeshindwa, Jumatatu aripoti Dar es Salaam akakae ofisini kama wengine.

Yudith alinisomea ujumbe wote. Nikamgombeza kwa sufuria ambayo wala haikuwa imeungua.

Kesho yake akaja jirani yangu Sharifa. Huyu analima karoti ng'ambo ya mfereji, na ananusa habari ya mtu kabla mwenyewe hajaipata. Akaniamkia kwa Kishambaa.

"Onga mshi, Mama Kristian. Nasikia mkweo anashuka."

"Nani kakwambia?"

"Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo?"

"Laja," akasema, akacheka.

Nikamwambia karoti zake mwaka huu ni nyembamba kama vidole vya mgonjwa. Akaondoka bado anacheka. Mimi nilibaki nimeshika mlango.

Acha nikwambie wazi nilichokuwa nakiogopa. Mjane kijana akishuka mlima na mtoto mkononi, nani wa kumrudisha? Mwaka wa kwanza atakuja Krismasi. Mwaka wa pili atapiga simu. Mwaka wa tatu mtoto atakuwa hajui Kishambaa, ataniamkia kwa kuwa ameambiwa aniamkie. Na mimi nitabaki na nyumba, na goti bovu, na kaburi chini ya mparachichi. Mume sina, mwana sina. Niliogopa mpaka nikawa natapika asubuhi, na nikamdanganya Yudith kwamba ni maharage.

Ijumaa ukungu ulishuka mpaka kizingitini. Aron alipotoka shule nilimpeleka akacheze kwa Sharifa. Yudith akasogeza meza dirishani, maana kale kadude ketu ka mtandao tumekafunga kwenye nondo za dirisha kwa kamba, ukikasogeza kidogo tu kanapoteza mnara. Mimi nikakaa mlangoni na beseni la viazi, namenya.

"Hiyo njia mpya ni njia gani?" nikamuuliza. "Mbona nyumba ni ile ile na ofisi ni ile ile?"

Akang'ata kanga. "Mama, unalijua bomba la maji linalotoka chemchemi ya juu. Linapita chini ya mashamba ya watu wote, lakini hakuna anayekinga ndoo njiani. Maji yanaingia kule, yanatokea hapa. Ndiyo hivyo hivyo. Kazi yangu itapita kwenye mtandao wa watu wote, lakini ndani ya bomba."

"Na bomba analichimba nani?"

"Mimi."

Maelekezo ya ofisi yaliandikwa kwa kompyuta za Windows. Wenye Linux waliandikiwa mstari mmoja tu, kwamba wajitegemee. Yudith akajitegemea. Alifungua ukurasa mweusi, akaipakua ile programu ya kuchimbia bomba, akalichukua faili la maelekezo alilotumiwa na ofisi akaliweka mahali pake, huku ananieleza kila hatua kwa sauti ndogo. Nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Kisha akabonyeza.

Ikakataa.

Akabonyeza tena, ikakataa tena. Akasoma maneno ya Kiingereza kwenye mistari, midomo inacheza.

"Inasema cheti cha ofisi bado hakijaanza kutumika," akasema.

"Cheti gani?"

"Ofisi ina kama kitambulisho chake, ili kompyuta yangu ijue haiongei na mwizi. Sasa inasema kitambulisho hicho ni cha siku ambazo hazijafika."

"Si wakitengeneze kingine! Watu wazima wanatoa vyeti vya kesho kutwa?"

Yudith alifuta programu, akaiweka upya. Ikakataa. Mchana ukapita hivyo. Viazi nilivyomenya siku ile vingetosha harusi. Kila nilipomtazama, jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo, katika baridi ile. Mara akainua kichwa, akatazama pembeni ya kioo, juu kabisa.

"Mama," akasema. "Ni saa."

Alhamisi umeme ulikatika na betri ya kompyuta ile ni kuukuu. Ilipozima, ikaisahau saa, na ilipowaka ikarudi nyuma miaka. Nikasimama nikaja kutazama. Mwaka ulioandikwa pale ulikuwa mwaka ambao Kristian alikuwa mzima, anapanda mlima wa Bumbuli kwa miguu na kunipigia simu juu kabisa kunionyesha anavyohema. Ndiyo maana cheti cha leo kilikuwa cha kesho. Kwa kompyuta ile mwanangu alikuwa bado yu hai.

Yudith alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe, habonyezi. Sikumgombeza. Kisha akafumba macho, akairudisha saa mahali pake.

Akajaribu tena. Safari hii ikakubali, ikamwomba neno la siri na nambari. Nambari hizo zinatokea kwenye simu yake, tarakimu sita, na hazikai, ukizubaa zinabadilika. Yudith akaziandika haraka. Lakini ukungu ulikuwa mzito na mtandao unakwenda kwa kuchechemea, na nambari zikawa zinafia njiani kabla hazijafika Dar. Akaandika nyingine, na nyingine.

"Punguza haraka!" nikapiga kelele.

"Nikipunguza zinabadilika, Mama!"

Ilikuwa mara ya kwanza kunipandishia sauti tangu aje kwangu. Na hapo hapo kompyuta ikaandika mstari mwekundu. Yudith akausoma, akarudi nyuma kwenye kiti.

"Wamenifungia," akasema. "Wanadhani mimi ni mwizi, nabahatisha. Mama, naogopa."

Nami nilikuwa naogopa, lakini ningesemaje? Nikamwambia, "Piga simu, una mdomo wa nini?"

Akapiga. Ofisi ilikuwa karibu kufunga. Simu ikalia weee, kisha ikapokewa na kijana mmoja, jina lake Faraji, mtu wa msaada wa kompyuta. Yudith aliiweka simu mezani, sauti nje, ili mikono ibaki kwenye kompyuta. Kijana alikuwa na adabu zake, siwezi kumsingizia.

"Pole, dada. Naona akaunti imejifunga. Unatumia Linux? Duh. Si ufute tu uweke Windows?"

"Sifuti," alisema Yudith. Hakung'ata hata kanga.

"Haya. Nitakufungulia, ila lazima nithibitishe ni wewe. Simu hii inarekodiwa. Niambie majina yako na tarehe ya kuzaliwa." Akamwambia. "Vizuri. La mwisho. Nitajie majina kamili ya mtu wako wa karibu uliyemwandikisha kazini."

Yudith akaondoa vidole kwenye kompyuta.

Hakuniangalia. Nikaelewa kabla hajasema kitu, na beseni likaniponyoka, viazi vikatawanyika sakafuni. Baada ya Kristian kufa, aliulizwa kazini mtu wake wa karibu ni nani, na huyu mtoto hakumwandika mama yake wa Mponde, wala kaka yake. Aliniandika mimi. Kuandika anaweza. Kutamka ndiko asikoweza.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Naomba nikuandikie kwa ujumbe."

"Hapana, dada. Ni kwa sauti. Mtu akiiba simu yako ataandika chochote."

"Ni mama mkwe wangu."

"Sawa, ni mama mkwe wako. Anaitwa nani?"

"Ni... ni mama yake Kristian."

"Dada." Sauti ya kijana ikabadilika. Ile adabu ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imerudi nyuma hatua moja. "Mtu wako wa karibu humjui jina?"

Hapo nikashindwa. Nikaenda mezani nikaiinamia ile simu. "Wewe kijana! Mimi ndiye mwenyewe! Mimi naitwa..."

"Shikamoo mama," akanikatiza haraka. "Tafadhali usitaje. Sauti ya mtu mwingine ikitoa jibu, naambiwa nifunge moja kwa moja. Hapo nimeshakiuka kidogo."

"Marahaba. Lakini huyu ni mkwe wangu, na kwetu mkwe..."

"Naelewa, mama, hata bibi yangu wa Sigi ana mambo hayo. Lakini mashine inayorekodi haijui mila. Dada Yudith, tunafunga ofisi. Ukinitajia, nafungua. Ukishindwa, uje mwenyewe Dar na kitambulisho, Jumatatu. Nisamehe."

Yudith machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. Akafungua mdomo, ukafunguka kweli, nikaona herufi ya kwanza inakuja midomoni, na nikaona hofu machoni mwake, hofu ya mtu anayetaka kukanyaga mahali asipopaona. Alikuwa anakwenda kuuvunja ukwe. Kwa ajili ya kubaki kwangu, alikuwa anataka kuvunja kile kinachomfanya awe wangu.

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu. Kilikuwa na udongo wa viazi.

Nisikilize vizuri. Nilikuwa na njia tatu, na zote zilinitisha. Akinyamaza, Jumatatu anashuka. Akinitaja hivi hivi, ukwe umekufa mezani kwangu, na kumbukumbu yake imo kwenye mashine ya Dar. Na njia ya tatu nilikuwa nimeifunga kiunoni. Fundo likanishinda kulifungua, nikajaribu tena. Nilikuwa nasema moyoni, Beatha, usifanye, mjinga wewe, unamfungulia mlango mwenyewe. Nikafanya. Nilivua kanga yangu, nikabaki na gauni na baridi ile, nikamzungushia Yudith mabegani, nikafunga ncha mbele ya kifua kama wanavyofunga wazee.

Alijua ni nini. Ni mtoto wa Mponde, alijua. Akanitazama kwa mshtuko, akatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Sema," nikamwambia. Na kwa mara ya kwanza sikupiga kelele.

"Dada Yudith?" ikaita simu.

"Beatha," akasema Yudith. Akameza mate. "Beatha Kornelio Shemhilu."

Jina langu! Hospitalini naitwa Mama Kristian. Kwa Sharifa, Mama Kristian. Kanisani husomwa kwenye karatasi, haraka haraka, kati ya majina mengine. Sikumbuki mara ya mwisho mtu wa nyumbani mwangu kulisema, na alilisema taratibu, kila kipande mahali pake, kwa ncha za midomo.

"Asante sana, dada. Nimefungua. Jaribu sasa, sikati."

Akaandika neno la siri. Akasubiri nambari mpya itokee kwenye simu, akaiandika ikiwa bado mbichi. Mistari ikaanza kuteremka kwenye ukurasa mweusi, mmoja, mwingine, ikasimama. Nikashika mgongo wa kiti. Kisha mstari mmoja wa Kiingereza ukatokea, na Yudith akajifunika uso.

"Umeingia!" akasema Faraji, na alifurahi kweli. "Bomba limeshika. Jumatatu utafanya kazi huko huko kwenu. Mama, shikamoo tena."

"Marahaba," nikasema. "Na usirudie kuwatesa watu."

Akakata. Yudith akasimama. Alitazama kanga ile mabegani, akaishika pindo, wala hakuling'ata. Akatoka nje.

Nilimwona kupitia dirishani. Alipita mparachichi, akasimama kidogo pale, kisha akateremka njia ya kuelekea barabarani, simu sikioni, kanga yangu mabegani, ukungu ukammeza. Sharifa alikuwa shambani kwake. Aliona kanga ile, na kwao Waislamu wa huku ukoo ni tofauti lakini mambo haya wanayajua kama sisi. Akaweka jembe chini. Hakucheka.

Nikakaa sakafuni kati ya viazi. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima, lakini ule ulikuwa bado ni woga wa mtu mwenye la kufanya. Sasa sikuwa na la kufanya. Nimeshampa ruhusa mwenyewe, kwa mikono yangu, na mila inasema ni halali yake. Kazi yake ataifanyia popote penye dirisha: Mponde kwa mama yake, Tanga, Dar kwa mume mwingine. Bomba alilichimba yeye na linakwenda naye. Nilijaribu kumgombeza mtu, nikakosa wa kumgombeza. Nikasema, "Kristian, unaona?" Kompyuta ilikuwa wazi mezani, jina lake mwanzo wa mstari, na baada yake hakuna kitu.

Sijui nilikaa kiasi gani. Baridi iliniingia mifupani. Giza lilikuwa linaanza kuingia niliposikia nyayo barazani, nyayo za mtu mzima na nyingine ndogo zinazoburuza viatu.

"Bibi, nimekula karoti sita!" akapiga kelele Aron. Ndipo nikakumbuka kwamba mtoto alikuwa kwa Sharifa.

Yudith aliingia nyuma yake. Kanga haikuwa mabegani. Alikuwa ameikunja, ameishika kwa mikono miwili. Akapiga goti pale pale sakafuni, kwenye maganda ya viazi, akaninyooshea.

"Baridi imeingia, Mama. Jifunge kanga yako."

Sikuipokea. Niliogopa kuipokea, na mdomo wangu ukaanza kelele zake. "Wewe umesahau kanga hii ni ya nini? Hamkufundishwa huko Mponde?"

"Sijasahau. Nimempigia mama yangu, nimemwambia umenipa, na nimemwambia naenda kuirudisha."

"Usirudishe kwa kunihurumia!"

"Sikuhurumii, Mama."

"Basi unajua unachofanya?"

"Najua."

Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa, na ilikuwa inatetemeka kama yangu. Kumbe naye alikuwa anaogopa. Aliogopa nisiipokee. Nikaichukua. Nikajaribu kujifunga, fundo likanishinda tena, akanifungia yeye.

Kisha akainuka, akaanza kuokota viazi kimoja kimoja kwa ncha za vidole, na kuvirudisha kwenye beseni.

"Mama, Jumatatu natakiwa niwe mezani asubuhi kabisa," akasema bila kunitazama. "Sasa Aron atapelekwa shule na nani?"

"Loo!" nikasema. "Kwani mimi nimekufa?"